Si Kila Lisilofahamika ni Fumbo

Kuna maneno katika lugha yetu ambayo kwa kutumiwa pasi na uangalifu yanapoteza maana yake huku sisi wenyewe tunatazama. Mojawapo ni neno fumbo. Mtu akipewa karatasi ya mkopo asiifahamu, husema ameandikiwa fumbo. Mwanasiasa akihutubia saa nzima isijulikane amesema nini, twasema alikuwa akifumba. Barua ya ofisi ikija na maneno mazito yasiyo kichwa wala miguu, hiyo nayo huitwa fumbo. Imekuwa kila lililofichwa ni fumbo, na kila lisilofahamika ni fumbo. Mimi naona matumizi haya yana kasoro, na kasoro yenyewe si ya lugha peke yake. Chini yake mna haki za watu zinazopotea, na ndiyo sababu nimeonelea tuliangalie neno hili kwa utuvu.

Tuanze na asili yake. Fumbo latokana na kufumba, na kufumba ni kuzikutanisha pande mbili zilizokuwa wazi. Twafumba macho, twafumba mdomo, twafumba mkono. Mkono uliofumbwa ukashika kitu umekifumbata. Katika kitanda cha kamba, ule mti mrefu wa ubavuni, ulioshika upande mmoja tangu mchagoni hata miguuni, huitwa mfumbati. Mtu akimwona mwenziwe akikosa, naye asimwambie kitu, husemwa amemfumbia macho. Na akimwambia jambo kwa njia ya mbali, husemwa amemfumbia maneno.

Angalieni jambo moja linalopita katika jamaa hii nzima ya maneno. Hakuna kinachofumbwa kisichofumbuliwa. Jicho lililofumba halikupofuka, litafumbua. Mkono uliofumbata haukukatika vidole, utafunguka. Ndiyo maana wazee wetu, walipotaka kutaja muda mfupi kabisa, walisema "kufumba na kufumbua", wakayaweka maneno haya mawili pamoja kama mtu na nduguye. Hata jikoni tuna chombo ambacho kwa jina na kwa kazi ni jirani wa fumbo, nacho ni kifumbu cha kuchujia tui. Nazi iliyokunwa hutiwa ndani ya kifumbu, ikafumbatwa na kukamuliwa kwa nguvu. Machicha hubaki ndani, na tui likatoka. Kama tui halitoki, hapana haja ya kifumbu.

Mchezo wa vitendawili, ambao kila mmoja wetu aliufundishwa na bibi yake, una sheria hiyo hiyo. Mmoja husema "Kitendawili", akajibiwa "Tega". Waliotegewa hufikiri, hujaribu, hukosea. Wakishindwa, mtegaji hutaka mji, akapewa Lamu au Mombasa au Unguja, akaenda akala na kunywa atakavyo. Lakini akisha kupewa mji, ni wajibu wake afumbue. Mtoto anayechukua mji kisha akakataa kufumbua hupigiwa kelele na wenziwe kuwa amedhulumu. Naam, hilo ndilo neno watoto hutumia, na wametumia neno la sawasawa.

Basi yafaa tulitenge fumbo na wenzake wawili wanaochanganywa nalo. Wa kwanza ni siri. Siri hutakiwa isisikike. Mwenye siri huifunga ndani ya kifua chake, au humnong'oneza mmoja, basi. Fumbo husemwa hadharani, mbele za watu, wala msemaji haogopi kusikiwa. Wa pili ni utata. Utata ni kama uzi uliotatana, na uzi waweza kutatana pasi na mtu kukusudia. Mwandishi asiyejua kuandika huzaa utata, na msemaji aliyechoka huzaa utata. Ama fumbo ni kazi ya makusudi. Lina mfumbaji, lina mfumbiwa, na lina wapita njia ambao hawahusiki. Mfumbaji husema akijua kwamba mfumbiwa atafahamu na mpita njia hatafahamu. Akikosekana mfumbiwa anayeweza kulifumbua, hilo litafutiwe jina jingine.

Najua nitajibiwa kwa methali yetu mashuhuri: "Fumbo mfumbie mjinga, mwerevu huligangua." Wako wanaoichukua methali hii kama ruhusa ya kuwazunguka wajinga. Mimi sioni hivyo. Methali inamwonya mfumbaji asidhani amejificha nyuma ya maneno yake, kwa kuwa mwerevu atafika hapo alipo. Nayo inakubali kwamba ndani ya fumbo mna kitu cha kuganguliwa. Kama ndani hamna kitu, hata mwerevu ataligangua nini?

Sasa tutazame vile watu wa pwani walivyolitumia fumbo, na kwa nini walilihitaji. Mfano ulio karibu ni kanga. Mjini Mombasa, katika duka lililoanzishwa mwaka wa 1887 na Kaderdina Hajee Essak, ambalo kanga zake zajulikana kwa alama ya "Mali ya Abdulla", walikuwa miongoni mwa wa kwanza kuweka maneno juu ya kanga. Mwanzo yaliandikwa kwa herufi za Kiarabu, baadaye kwa hizi za Kirumi. Maneno hayo twayaita jina la kanga, na mwanamke wa pwani hanunui kanga kwa ua lake na rangi yake tu, hulisoma jina kwanza. Mke aliyeudhiwa na mumewe hawezi kumkaripia mbele ya wakwe zake, maana atakuwa amevunja adabu. Akatoka na kanga yake, akaandaa chakula, akakaa. Wakwe wameona nguo, mume ameona neno. Ujumbe umefika na heshima ya nyumba haikuanguka. Hilo ndilo fumbo katika uzuri wake: limesema kweli, na limemwachia aliyekosa nafasi ya kujirudi pasi na kuaibika.

Tarabu nayo ilisimama juu ya nguzo hiyo. Mwimbaji huimba wimbo wa ndege, wa ua, wa chombo kilichokwenda mrama, na kila aliyemo ukumbini hutafuta ndege ni nani. Mwanamke akainuka na pesa zake mkononi akaenda kumtunza mwimbaji, naye akirudi hupita mbele ya yule amkusudiaye. Hakutaja jina la mtu, lakini kila mmoja amefahamu.

Washairi ndio waliolipeleka fumbo mbali zaidi. Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki karibu na mwaka wa 1840, alitunga katika siku za Mazrui, siku za vita vya Mombasa na Lamu na za ugomvi na Seyyid Said. Beti zake zilitoka Mombasa zikajibiwa na upande wa pili, na nyingi zilikuwa na maneno ya ndani. Watu wa mji walizifahamu kwa kuwa walijua jana yake kumepita nini. Lakini miaka ilipopita, wajuzi wa matukio yale wakawa wanapungua mmoja mmoja. Mmisionari William Taylor alipozikusanya beti hizo kuelekea mwisho wa karne ile ya 19, hakuweza kutegemea kamusi, ilimbidi asaidiwe na Mwalimu Sikujua bin Abdallah, mwenyeji wa Mombasa. Kwa juhudi hiyo Hichens aliweza kutoa Diwani ya Muyaka mwaka wa 1940, na Mohamed Hassan Abdulaziz akatoa kitabu chake juu ya mshairi huyo mwaka wa 1979. Hapa pana funzo. Ufunguo wa fumbo hukaa kwa watu, na wenye kuujua wakifariki pasi na kuwafundisha wengine, fumbo hugeuka giza, japokuwa kila neno lake lajulikana.

Karibu zaidi nasi ni Abdilatif Abdalla. Mwaka wa 1968 aliandika karatasi iliyouliza Kenya twendapi, akaandika kwa maneno ya wazi. Mwaka wa 1969 akahukumiwa kifungo cha miaka 3. Humo gerezani akatunga mashairi yaliyotoka mwaka wa 1973 kwa jina la Sauti ya Dhiki, na limo shairi la mamba ambalo wasomaji wamelisoma tangu hapo wakijua kwamba mtungaji hakukusudia mnyama wa mtoni. Mtu aliyefungwa kwa kusema wazi alisema tena, mara hii kwa fumbo, na waliokusudiwa wakafahamu. Mnyonge mbele ya mwenye nguvu ana haki ya fumbo. Hiyo ndiyo ngao yake, na sidhani yuko mwenye insafu atakayemlaumu.

Wasomaji wa Kiislamu watauliza dini yasemaje. Jambo hili halikuachwa. Katika Surat al-Baqara, aya ya 235, mwanamume ameruhusiwa kumpa dokezo la posa mjane aliye katika eda ya kufiwa, lakini amekatazwa kuahidiana naye kwa siri, ila aseme neno jema linalokubalika. Tazameni ulivyo wembamba mpaka huu. Dokezo limeruhusiwa kwa sababu linampa mjane habari na kumwachia uhuru wake mpaka muda wake utimie. Ahadi ya siri imekatazwa kwa sababu inamfunga pasi na watu kujua. Nasi tumekwisha kusema kwamba fumbo na siri si kitu kimoja, na hapa tumepata ushahidi ulio mkubwa kuliko maneno yetu.

Lakini dini hiyo hiyo imetuonya tusijifiche nyuma ya fumbo. Katika Surat al-Hujurat, aya ya 12, tumekatazwa kudhaniana vibaya, kupelelezana na kusengenyana, na msengenyaji amefananishwa na mtu alaye nyama ya ndugu yake aliyekufa. Imamu Ghazali, katika Ihya, akieleza maafa ya ulimi, amesema kwamba kusengenya si kwa maneno ya wazi tu. Ishara ni kusengenya, kuiga mwendo wa mtu ni kusengenya, na dokezo ni kusengenya pia maadamu wasikilizaji wamefahamu nani amekusudiwa. Tena akawataja kwa ubaya zaidi wale wanaojionyesha wacha Mungu, ambao mtu akitajwa mbele yao husema, "Alhamdulillahi aliyetukinga na mambo hayo," wakawa wamemshukuru Mungu na kumchafua mwenzao kwa pumzi moja.

Basi bibi anayevaa kanga kumchoma jirani yake, mtaa mzima ukacheka, asiseme "Mimi sikumtaja mtu." Fumbo la kanga lilikuwa la kumfikishia aliyekosa neno pasi na wengine kujua. Yeye ameligeuza: wapita njia wote wamefahamu, na mlengwa ndiye aliyeachwa bila la kujibu, kwani akijibu ataambiwa "Umejishuku mwenyewe." Hilo ni sengenyo lililovishwa nguo.

Kasoro hiyo ya mitaani ni ndogo ukiilinganisha na ya pili, ambayo ndiyo iliyonishikisha kalamu. Jirani yangu mmoja, mtu mzima mwenye wajukuu, alinijia na karatasi iliyokunjwa mara nne. Alikuwa amemdhamini mpwa wake aliyechukua pikipiki kwa mkopo. Akaniambia, "Mwanangu, hebu nifumbulie fumbo hili, macho yangu hayaoni na Kizungu chao sikijui." Niliisoma. Ukurasa wa tatu, kwa herufi ndogo kama chawa, iliandikwa kwamba mdhamini anadaiwa deni zima pamoja na riba yake pindi mkopaji akichelewa, wala hapana haja ya kumpa taarifa kwanza. Yeye alikuwa ameambiwa kwa mdomo kwamba anashuhudia tu kuwa kijana ni wake. Na dole gumba lake lilikuwa limekwisha kupigwa chini. Nikamwambia, "Mzee wangu, hili si fumbo. Umetegwa."

Neno hilo lilimuuma, lakini lilikuwa neno la haki. Karatasi ile haikuandikwa ili yeye aifumbue. Iliandikwa ili asiifahamu, na kutofahamu kwake ndiko kulikokuwa faida ya walioiandika. Tukiiita fumbo, tumempa mwenye hila cheo cha malenga, na tumemtia mzee katika daraja ya yule mjinga wa methali, kana kwamba kosa ni lake kwa kukosa werevu. Hapo ndipo neno likitumiwa vibaya linapomsaidia dhalimu.

Sharia yetu ina jina la mambo kama hayo. Mtume, rehema na amani zimshukie, alikataza biashara ya gharar, nayo ni ile ambayo kinachouzwa au masharti yake hayajulikani. Wanachuoni wakatoa mfano wa samaki aliye majini na ndege aliye angani, na sisi watu wa bahari hatuna haja ya kufafanuliwa mfano huo. Tena aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani, aya ya 282 ya Surat al-Baqara, haizungumzii vita wala ufalme. Yazungumzia deni liandikwe. Mwandishi aandike kwa uadilifu; mwenye kudaiwa ndiye aimlishe, yaani yeye ndiye atamke yanayoandikwa; na kama hawezi kuimlisha, walii wake aimlishe kwa haki; wala tusichoke kuliandika, liwe dogo au kubwa, pamoja na muda wake. Fikirini, wasomaji: anayedaiwa ndiye wa kutamka. Leo anayedaiwa hatamki wala hasomi. Huonyeshwa mahali pa kutia dole.

Na pwani yetu ina kumbukumbu chungu ya maandishi ya namna hii. Mwaka wa 1908 serikali ya Kiingereza ilitunga sheria ya hati za ardhi kwa ukanda wa pwani. Kila aliyedai kuwa na shamba au kiwanja alitakiwa apeleke madai yake mbele ya afisa, na ardhi ambayo haikudaiwa ikahesabiwa kuwa ya Taji. Wako waliopeleka wakapata hati. Lakini wengi, hasa watu wa mashambani waliokaa juu ya ardhi ya babu zao pasi na karatasi yoyote, hawakudai, na ardhi yao ikawa si yao tena. Uskwota wa pwani, ambao wajukuu wao wanauhangaikia mpaka sasa, una mzizi mmoja hapo. Kwa aliyeitunga, sheria ile ilikuwa wazi kama mchana. Kwa aliyetungiwa, aliyezoea kuwa mnazi alioupanda babu yake ndio ushahidi wake, ilikuwa kama haikusemwa.

Nitaambiwa siku hizi mambo yamebadilika, nami nakubali kwamba yamebadilika katika maandishi. Katiba ya mwaka wa 2010 imekifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi ya Kenya pamoja na Kiingereza, tena imempa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na sheria ya kuitekeleza haki hiyo ikapitishwa mwaka wa 2016. Lakini haki ya kupata habari ina faida gani ikiwa habari yenyewe itakuja kwa lugha na mtindo ambao mwenye haki hawezi kuusoma? Nani kati yetu aliyekwenda kuweka sahihi katika karatasi ya mkopo au ya kiwanja akapewa ya Kiswahili pasi na kuiomba? Na tuliopewa ya Kizungu, ni wangapi tuliothubutu kusema, "Sitii sahihi mpaka nifahamu"?

Kwa hivyo ushauri wangu ni huu. Tukikutana na neno tusilolifahamu, kabla ya kuliita fumbo tujiulize mambo mawili: limekusudiwa nani, na je, huyo aliyekusudiwa ameachiwa njia ya kulifumbua? Akiwa na njia, hilo ni fumbo, na tulipokee kwa akili na adabu kama walivyolipokea wazee wetu. Kama aliyekusudiwa amezibiwa njia makusudi, tuseme kwa ulimi mkavu kwamba hiyo ni hila, na karatasi irudishwe kwa mwenyewe mpaka ielezwe kwa lugha ya anayetia dole.

Wazazi tuwafundishe watoto majina ya kanga na mafumbo ya mashairi wakati wajuzi wake wako hai, maana tumeona yaliyokaribia kuzipata beti za Muyaka. Nao vijana wetu waliosoma, makarani, walimu na mawakili, wana deni kwa wazee wao. Mzee akija na karatasi iliyokunjwa, asiambiwe "Rudi kesho." Asomewe mpaka herufi ya mwisho, hata zile ndogo, na asomewe kabla hajatia dole.

Wabillahi tawfiq.